Ngoma Iliyodai Mbegu

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na jembe."

"Likapata kutu?"

"Halikupata, lilikuwa na mwenyewe. Sogeeni basi. Na wewe uliyekalia kuni, inuka, moto unazitaka. Leo nikisema 'vu', nyinyi mnaitikia 'vuma'. Vu!"

"Vuma!"

"Hivyo hivyo. Mwenye usingizi akalale mapema, maana hadithi hii ina kelele."

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji kikiitwa Bulimi. Watu wa Bulimi walikuwa wakulima wa mtama, na walilima kwa ngoma. Mvua ya kwanza ikilainisha ardhi, kijiji kizima kilijipanga mstari mmoja shambani, majembe juu, ngoma pembeni. Ngoma ikilia, majembe yalishuka pamoja. Ngoma ikinyamaza, watu waliketi.

Tena kila mtu alikuwa na jina la jembe. Si jina alilopewa na mama yake, la. Ni jina alilopewa na mstari siku ya kwanza alipoingia shambani, na ngoma ilimwita kwa mdundo wa jina hilo mpaka siku ya kufa kwake.

Palikuwa na bwana mmoja aitwaye Gamaya. Jina lake la jembe lilikuwa Tembo wa Mbele. Ngoma ikiita, "Tembo wa Mbele!", Gamaya alivimba kifua, akalima, akalima, akalima, mpaka walio nyuma yake wakala vumbi lake.

Gamaya alikuwa na mpwa wake wa kike aitwaye Minza. Siku ya kwanza Minza kuingia mstarini alikuwa na mwiba mguuni, akachechemea, akamaliza wa mwisho. Watu wakacheka, ngoma ikamwita Mkia. Mwiba ulitoka jioni ile ile. Jina halikutoka.

Basi kila msimu ngoma ikiita, "Mkia!", mikono ya Minza ililegea, magoti yakawa mazito, akabaki nyuma. Alikuwa wa mwisho kwa sababu aliitwa Mkia, na aliitwa Mkia kwa sababu alikuwa wa mwisho. Mwenyewe akaona ndivyo alivyoumbwa, hakumlaumu mtu.

Minza aliishi na bibi yake, Kabula, mama yake Gamaya. Bibi huyo hakuwa na jino hata moja, lakini ulimi ulikuwa mzima, nao haukupumzika.

"Mke mwenzangu," alimwambia Minza kila jioni, "uji wangu uko wapi? Au leo tunakula maneno?"

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani ndogo. Hapo Minza alilima peke yake, kwa kuwa bibi anahitaji uji na uji hauoti wenyewe. Alilima akiimba wimbo wake wa mdomoni:

"Jembe twende, jembe turudi,
ardhi funguka, mbegu ilale,
Bibi hana meno, atataka uji."

Alilima hivyo mpaka bustani ikawa nyeusi na laini kutoka mpaka hadi mpaka. Ungemwuliza, "Minza, unafanya kazi gani?", angekujibu, "Sifanyi kazi, niko bustanini tu." Haya, vu!

"Vuma!"

Siku moja mzee aliyekuwa akiipiga ile ngoma akafariki. Walipotoka kumzika, wakaikuta ngoma inalia yenyewe. Tena inasema maneno ya watu.

"Vu, vu, vuma! Nani analima?"

"Ni sisi, watu wa ngoma!"

"Mnamlimia nani?"

"Twakulimia wewe, ngoma!"

Watu wakafurahi sana. Wakasema, "Bahati iliyoje, ngoma isiyohitaji mpigaji, ngoma isiyokula." Ah, watu wa Bulimi. Kitu kinachosema kikikosa kula, ujue bado hakijapata njaa.

Msimu wa kwanza ulipofika watu wakajipanga, majembe juu. Ngoma kimya. Mkuu wa kijiji, mwanangwa Shigela, akaiendea akapiga magoti.

"Ngoma yetu, mbona umenyamaza?"

"Koo limekauka," ikasema ngoma. "Nipeni pombe."

Mwanangwa akasema, "Tuipe. Bila ngoma hatulimi." Watu wakaitikia, "Bila ngoma hatulimi." Wakaleta mitungi ya pombe, ngoma ikanywa yote, ikalia, watu wakalima.

Msimu wa pili watu wakajipanga, majembe juu. Ngoma kimya. Mwanangwa akapiga magoti.

"Ngoma yetu, mbona umenyamaza?"

"Ngozi imelegea. Nipeni ng'ombe dume mwenye nundu."

Mwanangwa akasema, "Tuipe. Bila ngoma hatulimi." Watu wakaitikia, "Bila ngoma hatulimi." Wakaleta dume la kijiji, ngoma ikala nyama, mifupa na kwato, ikalia, watu wakalima.

Msimu wa tatu, sikilizeni sasa, watu wakajipanga, majembe juu. Mvua ilikuwa imenyesha mara moja, ardhi iko tayari, mawingu mengine yanakuja yakiwa yameshiba. Ngoma kimya. Mwanangwa akapiga magoti, na magoti yenyewe yalikuwa yameshaota sugu.

"Ngoma yetu, mbona umenyamaza?"

"Tumbo tupu," ikasema ngoma. "Nipeni mbegu. Mtama wote wa mbegu ulioko Bulimi, asibakize mtu hata punje. Nawapa mpaka kesho asubuhi."

Watu wakatazamana. Wakitoa mbegu, watalima halafu wapande nini? Wasipotoa, ngoma hailii, na ngoma isipolia nani atanyanyua jembe?

Gamaya akasema, "Tujaribu wenyewe." Akaingia shambani, akanyanyua jembe juu, akangoja kuitwa Tembo wa Mbele. Jina halikuja. Jembe likabaki juu. Akangoja, akangoja, akangoja, mpaka kunguru akaja akatua kwenye mpini, akajitengeneza manyoya. Gamaya akashusha mikono akarudi kando, hakumtazama mtu usoni.

Mwanangwa Shigela akasema kwa sauti ndogo, "Tuipe. Bila ngoma hatulimi." Safari hii waliomwitikia walikuwa wachache. Lakini waliitikia.

Jioni ile Minza aliingia nyumbani akatazama juu ya mafiga. Hapo ndipo yaliponing'inia masuke ya mbegu, meusi kwa moshi. Bibi Kabula aliyachagua mwenyewe kila mavuno, suke kwa suke, tangu alipokuwa bibi harusi. Minza akaona uchungu mpaka machozi yakamtoka.

"Bibi, kesho wanataka mbegu zetu."

"Wakizichukua, nitakula nini?"

"Sijui, bibi."

"Mimi najua," akasema bibi. "Sitakula kitu. Nitakufa na njaa nikiwa na mjukuu mwenye mikono miwili mizima."

Minza akajibu, "Bibi, mimi ni Mkia."

Bibi akageukia ukutani, hakusema tena. Na huyo ni mtu ambaye hajawahi kukosa la kusema. Minza usiku ule alilala vibaya.

Alfajiri akatoka kwenda bustanini. Akakuta shimo jipya, udongo unaruka, na kutoka shimoni pua ndefu ikachomoza. Alikuwa muhanga, mnyama yule mwenye masikio ya punda na makucha ya jembe, achimbaye mchwa.

"Hujambo, binti?"

"Sijambo, baba muhanga. Umechimba shimo hili lote?"

"Nimelichimba."

"Nani alikupigia ngoma?"

Muhanga akacheka mpaka akapiga chafya ya udongo. "Mchwa wako chini, mimi niko juu, njaa iko katikati. Ngoma ya nini? Sasa na mimi nikuulize. Hii bustani, nani aliilima?"

"Mimi."

"Nani alikupigia?"

"Hakuna," akasema Minza.

"Na ulipokuwa ukilima, ulikuwa mbele au nyuma?"

Minza akatazama bustani, akatafuta mtu wa mbele yake, akatafuta mtu wa nyuma yake, hakumwona. "Nilikuwa hapa tu," akasema.

"Basi," akasema muhanga. "Kumekucha, naenda kulala. Nisalimie bibi." Akaingia shimoni, akafukia mlango kwa miguu ya nyuma.

Haya, vu!

"Vuma! Naye akafanyaje?"

Alichukua jembe, ndivyo alivyofanya. Mngependa alie tena?

Asubuhi watu wakajipanga kando ya shamba, kila mmoja na mbegu zake kichwani. Wanawake walikuwa wanalia kimyakimya, wanaume wanatazama vidole vya miguu. Ngoma imekaa pale, mdomo wazi, inangoja. Minza akapita katikati yao na jembe begani. Akaingia shambani, akasimama palepale mstari unapoanzia.

Akapiga jembe la kwanza. Tu! Watu wakashtuka. Hapakuwa na mtu aliyewahi kusikia jembe peke yake mahali pale.

Ngoma ikanguruma, "Vu, vu, vuma! Mkia! Nani kakuita?"

Minza alipolisikia jina, mikono ikalegea, magoti yakawa mazito, jembe likamponyoka. Mwili ulishazoea, haukungoja ruhusa yake. Akasimama akihema. Kisha akaanza kwa sauti ya chini, sauti ya bustanini:

"Jembe twende, jembe turudi,
ardhi funguka, mbegu ilale,
Bibi hana meno, atataka uji."

Akainama akaokota jembe, akalima.

Ngoma ikanguruma mara ya pili. "Mkia! Mkia! Waulize wote wanaokujua kama wewe si Mkia!" Na watu wakaanza kuita kutoka kando, "Mkia, toka! Utatukasirishia ngoma!" Mjomba wake Gamaya akasogea.

"Minza, mwanangu, toka. Unatuaibisha mbele za watu."

Hilo lilimchoma Minza kuliko ngurumo. Mikono ikalegea tena, lakini jembe halikuponyoka. Akasema, "Mjomba, nisamehe, ardhi inakauka." Akalima.

Ngoma iliona hivyo. Ngoma ile haikuwa mjinga, jamani. Mara ya tatu haikunguruma. Ilibembeleza.

"Vu, vu, vuma... Simba Jike! Mama wa Majembe! Wewe ndiwe wa mbele yao wote! Lima, Simba Jike, lima nikuone!"

Ehe. Minza akasikia utamu unampanda kutoka kisigino mpaka utosini. Jembe likawa jepesi kama unyoya. Akalima kwa kasi ambayo Tembo wa Mbele mwenyewe hajawahi kuiota. Ngoma inaita Simba Jike, yeye anakwenda, inaita Simba Jike, yeye anakwenda.

Halafu ngoma ikanyamaza ghafla. Na jembe la Minza likakwama juu, kama lilivyokwama la mjomba wake, akasubiri kuitwa tena.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Akajiambia, "Lo, kumbe jina baya na jina tamu kamba yao ni moja, na inayoishika ni ngoma." Akaigeukia ngoma akasema, na kila mtu akasikia:

"Mkia ulinipa wewe, nakurudishia. Na Simba Jike ulinipa wewe, kaa naye pia. Mimi naitwa Minza. Nalima kwa sababu bibi yangu atakula."

Akashusha jembe. Tu! Akalinyanyua, akalishusha. Hakwenda mbio wala hakusuasua, mwendo wake ulikuwa ule wa bustanini, na alimaliza mstari wa kwanza kutoka mpaka hadi mpaka akiwa anaimba.

Alipogeuka akamwona bibi Kabula yuko nyuma yake. Ameinama na fimbo yake, masuke ya mbegu kayafunga kiunoni, anatoboa, anadondosha punje, anafukia kwa kisigino.

"Usinitazame," akasema bibi. "Lima. Sina meno, miguu ninayo."

Gamaya alipomwona mama yake mzazi anapanda, akashindwa kusimama. Akaingia shambani. Akanyanyua jembe juu, na jembe likakwama palepale pa jana. Jasho likamtoka. Watu wote wanamtazama, na kunguru wa jana naye anatazama.

"Siwezi, Minza," akanong'ona. "Siku hizi zote nilidhani nguvu ni zangu."

"Mjomba, mtoto wako mdogo anaitwa nani?"

"Sayi."

"Sayi anapenda kula nini?"

"Ugali wa mtama, na mlenda. Akishiba hulala na tonge mkononi." Alipotamka hivyo uso wake ukabadilika. Jembe likashuka. Tu! Likapanda, likashuka tena, na Gamaya akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Nalimia tonge la Sayi," akasema. "Nalimia tonge la Sayi!"

Kuona hivyo mama mmoja akatua mbegu zake chini, akaingia na jembe. Jirani yake naye akaingia. Wakaingia wazee, wenye majembe wakilima, wenye mbegu wakipanda nyuma ya bibi Kabula. Yule alimlimia mkwewe, yule alilimia deni la harusi ya mwanawe, na mmoja alisema yeye analima tu kwa sababu anapenda harufu ya udongo uliopinduliwa, nao wakamwacha, maana hiyo nayo ni sababu. Kila mtu aliimba wa kwake. Mstari ulipinda, ukapinda tena, jembe hili juu, lile chini, kelele tupu. Haikuwahi kuonekana Bulimi kazi mbaya kwa macho kama ile, wala shamba kulimika upesi namna ile.

Mwisho akabaki mwanangwa Shigela peke yake, magoti chini mbele ya ngoma. Akaitazama ngoma, akalitazama shamba. Akainuka, akajipangusa vumbi magotini, akasema, "Niazimeni jembe."

Ngoma ikapata kichaa. Ikaita majina yote ya majembe, makubwa kwa madogo, hakuna aliyegeuka. Ikaita kwa nguvu zaidi, hakuna aliyesikia, watu wanaimba. Ikavuma, ikavuma, ikavuma, na nyinyi mnajua wenyewe, ngoma ikivuma sana—

"Hupasuka!"

Hupasuka. Paa! Ngozi ikachanika kutoka ukingo hadi ukingo. Mlio ule ukafika mawinguni, na mvua ikashuka palepale, ikakuta mbegu zimeshafukiwa na watu wako katikati ya shamba, matope mpaka mapajani, wanakumbatiana.

Mtama wa mwaka ule ulizaa mpaka vihenge vikafumuka ubavuni. Siku ya mavuno mwanangwa Shigela akasimama mbele ya watu.

"Minza, tumekutesa kwa jina. Leo chagua jina la jembe, kubwa upendavyo, tukuite sote."

Minza akamtazama bibi yake, akacheka. "Mwanangwa, nakushukuru. Jina ninalo, nilipewa na mama yangu."

Watu wakapiga vigelegele, wakamwita, "Minza! Minza! Minza!" Naye alifurahi sana, kwa nini asifurahi? Ila walipoacha kumwita, alikuwa bado ni Minza.

Baadaye watu wa Bulimi walichonga ngoma nyingine, maana kazi na ngoma vinapendana, na mimi simwambii mtu alime kimya kama mchawi. Lakini waliweka sharti, na mpaka leo lipo: ngoma haiguswi na mtu mpaka mstari wa kwanza uwe umekwisha kulimwa. Na ile kuukuu iliyopasuka bibi Kabula aliiomba. Akaiweka nyuma ya nyumba, kuku wake akaingia akatagia humo. Hivyo ngoma iliyotaka kula mbegu za kijiji kizima ikawa inatoa mayai.

Basi wanangu, anayekusifu msikilize, na anayekusema msikilize, wote wape masikio yako. Mikono usiwape. Ajuaye kwa nini analima, siku ngoma ikinyamaza hataketi.

Hadithi yangu imeweka jembe begani, inarudi kwao. Ikikufaa, ipande kwako. Isipokufaa, niachie mbegu yangu, nina shamba jingine. Mimi mwenyewe nilipita Bulimi siku ile ya mavuno, bibi Kabula akanipa uji wa moto, nikaunywa kwa pupa ukaniunguza ulimi. Nikamwuliza, "Bibi, mbona hukunionya?" Akasema, "Kwani wewe unakunywa kwa ngoma?"